Waliomwita Koko Namwezi

Haya niliyaona kwa macho yangu, na mtoto mwenyewe ni damu yangu. Baba yake ni kaka yangu Byamungu. Mama yake, wifi yangu Vénérande, ni mshonaji pale Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, na mimi Gabriella nilikuwa nashona naye kibanda kimoja, karibu na soko. Sisi ni watu wa Bukavu, Kongo. Nyumbani tunasema Kiswahili, Mashi, lugha ya kabila letu, kidogo tukiwa na wakubwa, na Kifaransa tukikasirika.

Ilikuwa Jumapili ya mwezi wa tano, mwaka 2018. Tumetoka kanisani, tumekaa nje tunangoja nsima, ugali wa huku, iive. Bénie alikuwa na miaka tisa. Akachukua kitenge cha mama yake, akajitanda kichwani, akaokota fimbo, akapinda mgongo na kuanza kutusema mmoja mmoja.

"Bavijana ba leo! Munaomba baraka ku simu. Mungu iko na numero yenu?"

Tulicheka mpaka Vénérande akasahau sufuria. Byamungu, ambaye kazi yake ilikuwa kuchajia watu simu kwa sola, akatoa simu yake, akamwambia arudie.

"We ni nani?" akamuuliza huku anarekodi.

"Mi ni Koko Namwezi," mtoto akajibu bila kufikiri.

Koko kwetu ni bibi. Lakini katika ukoo wetu hakuna Namwezi, wala mtaani kwetu hapakuwa na mtu wa jina hilo. Nilimuuliza kalitoa wapi.

"Njo jina yake tu, tantine," akasema, yaani ndilo jina lake tu, shangazi, akaenda kunawa mikono.

Byamungu aliiweka video Facebook jioni ile. Kufika Jumatano, watu wasiotujua walikuwa wanaitazama Bujumbura, Nairobi, hata Australia. Kaka yangu akafungua ukurasa. Wiki iliyofuata akanunua kigoda cha kusimamishia simu.

Tangu hapo mtoto alikuwa na kazi. Video tatu kwa juma, asubuhi kabla ya shule, wakati mwanga ni mzuri. Koko Namwezi anagombana na mwuza nyanya. Koko Namwezi kwenye foleni ya mahindi. Koko Namwezi anamfundisha mchungaji kuhubiri. "Rudia," Byamungu alikuwa anasema. "Sauti haijatoka. Rudia, maman. Mara ya mwisho." Mara ya mwisho ilikuwa na wenzake sita. Siku nyingine kengele ya shule ililia Bénie bado amepinda mgongo pale uani.

Watu walituma zawadi: vitenge, viatu, miwani ya kuchekesha. Duka moja la simu la Mponela lilitaka atangaze betri zao. Sokoni hakuna aliyemwita Bénie tena. Wote, wakubwa kwa watoto, walimwita Koko. Na chini ya kila video waliandika maneno yale yale, mamia, kisha maelfu: Koko Namwezi, kuya! Koko, tunakungoja! Kuya, Koko, kuya! Kuya kwetu ni njoo.

Vénérande hakupenda. "Mutoto amechoka," alimwambia mumewe mbele yangu.

"Wiki hii tu, mama Bénie. Kisha atapumzika."

Wiki hiyo haikuja.

Jambo la kwanza nililoliona mimi lilikuwa dogo. Byamungu alisema "Coupé," neno lake la kumaliza kurekodi. Siku zote Bénie akilisikia alikuwa anatupa fimbo na kukimbia. Siku hiyo hakuitupa. Aliendelea kukaa chini, miguu imenyooshwa mbele kama wanavyokaa wazee, anajisugua goti taratibu. Byamungu akarudia neno lake. Mtoto akamwangalia.

"Nani amekuambia mi nimemaliza?"

Tulicheka. Lakini niliona kaka yangu ameizima simu kwanza, ndipo akacheka.

Siku chache baadaye alikuja kibandani mama Nahimana, Mrundi aliyekulia Uvira, kuchukua sketi yake. Bénie alikuwa pembeni, anasuka majani makavu kuwa ungo mdogo. Hakuna aliyemfundisha kusuka. Alikuwa anajisemea kwa sauti ya chini. Mama Nahimana akasimama na sketi mkononi, akasikiliza kwa muda.

"Nani kwenu anasema Kifuliru?" akaniuliza kwa kunong'ona.

"Hakuna. Sisi ni Bashi."

"Huyu mutoto anasema Kifuliru. Cha zamani. Cha kule juu ku milima."

"Anasema nini?"

Mama Nahimana aliikunja sketi yake bila kuijaribu. "Anaomba bamufungulie," akasema, akaondoka.

Halafu yakaanza mafundo.

Vénérande alikuwa ameshona sare ishirini za kwaya. Asubuhi tulikuta pindo zimeachia. Uzi haukukatwa. Kila fundo la mwisho wa uzi lilikuwa limefunguliwa, moja moja, kwa subira. Siku iliyofuata kamba ya kuanikia nguo ilikuwa chini. Kisha kamba za chandarua. Kamba za magunia. Kamba za viatu vya Byamungu. Jirani akaja kulalamika kwamba mbuzi wake wawili wamepatikana barabarani, na kamba zao zimekunjwa vizuri, zimewekwa juu ya jiwe.

Hatukumwona Bénie akifanya hivyo. Ila ncha za vidole vyake zilikuwa zimechubuka.

Vénérande akasema video basi. Byamungu akamwomba amwachie moja tu, ya mwisho kabisa. Mfanyabiashara mmoja wa Lilongwe, Mkongo mwenzetu, alikuwa anafungua duka jipya mtaa wa Area 49, duka la magodoro na mabeseni, na mke wake alikuwa amemsumbua sana amlete Koko Namwezi siku ya ufunguzi. Ahadi ilikuwa imetolewa. Vénérande akakubali kwa sharti: tukirudi, ukurasa unafutwa.

Tulikwenda Jumamosi, wote wanne. Mimi nilibeba nguo za kumvalisha mtoto. Tulifika kama saa tano asubuhi. Jua kali, spika mbili mlangoni, watu wamejaa mpaka barabarani. Mwenye duka alitupokea vizuri. Aliitwa Lwaboshi, mtu wa miaka hamsini na kitu, mpole, shati limepigwa pasi. Alitupa soda. Alisema yeye mwenyewe hajawahi kutazama zile video, simu zinamuumiza macho, anasikia tu kwamba kuna Koko, lakini mke wake anacheka mpaka anaanguka kitandani.

"Basi leo utacheka na we, papa," Byamungu akamwambia.

Nilimvika Bénie kitenge ndani, katikati ya magodoro. Kazi ilikuwa nyepesi. Atoke, atembee na fimbo yake, alale juu ya godoro pale nje, aseme, "Hapa hata koko analala kama mutoto." Watu wacheke. Basi.

"Umeshika maneno yako?" nilimuuliza.

Alikuwa anamtazama Lwaboshi kupitia mlango.

Alitoka. Watu wakapiga kelele: "Koko! Koko Namwezi, kuya!" Simu kumi, ishirini zikainuliwa. Akapita godoro. Akalipita kama hakuliona. Alikwenda moja kwa moja, polepole, fimbo mbele, mpaka aliposimama mbele ya Lwaboshi. Akainua uso wake. Akamwita kwa jina.

Halikuwa Lwaboshi. Lilikuwa jina la utotoni, la Kifuliru, ambalo sitaliandika hapa kwa sababu ni lake mwenyewe. Lakini niliona lilivyomwingia. Chupa ya soda ilimtoka mkononi.

Watu walicheka. Walidhani ni mchezo.

Mtoto akasogea zaidi. Sasa alisema kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini, na mimi nilikuwa hatua mbili nyuma yake.

"Ule mulango. Ulifunga mafundo ngapi?"

Lwaboshi alirudi nyuma hatua moja.

"Niite," mtoto akamwambia.

Spika ilikuwa kati ya wimbo na wimbo.

"Niite, mi nakuomba."

Lwaboshi aliwatazama watu wake, wateja wake, zile simu zote zilizoinuliwa. Akapaza sauti. "Mi sijui huyu mutoto. Mutoeni hapa. Mutoeni!"

Bénie akaanguka pale pale, juu ya vipande vya chupa. Hakukatwa hata mahali pamoja.

Kaka yangu ni mtu mzuri. Nasema hivyo kwa sababu sitamficha. Alikuwa amerekodi kila kitu, na usiku ule, mke wake akiwa amemkumbatia mtoto, aliiweka ile video kwenye ukurasa. Alisema mtoto ni mwigizaji, kwamba watu wakubwa watamwona, kwamba hivi ndivyo tutakavyotoka kambini. Kufika asubuhi ilikuwa imetazamwa kuliko nyingine zote zikijumlishwa. Koko, kuya! Koko, kuya!

Asubuhi hiyo mtoto aliyeamka hakuwa Bénie.

Nilimwita jina lake. Hakugeuka. Nilimpa sare ya shule, akaishika kama kitu cha mtu mwingine, akaikunja, akaniwekea mapajani. Alijitanda kitenge mwenyewe. Akaenda kukaa mlangoni, miguu nje, mgongo kwenye kizingiti. Vénérande alipotaka kufunga mlango kwa sababu ya vumbi, mtoto aliushika ubao kwa mikono miwili.

"Musifunge," akasema. "Mi nawaomba. Nitanyamaza. Sitajibu mutu. Musifunge."

Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya tatu. Hakula ila viazi alivyovichoma mwenyewe. Wamama wa maombi walikuja, wakamzunguka, wakaomba saa nzima. Aliwasikiliza kwa heshima, akaitikia amina kila palipostahili. Walipomaliza akawashukuru kwa kutembea jua kali. Mmoja wao alitoka analia, na hakutaka kutuambia kwa nini.

Siku ya nne Byamungu alichuchumaa mbele ya binti yake. Nadhani ndipo alipoelewa.

"Bénie iko wapi?"

"Amelala," mtoto akasema. "Mulimuchosha."

"Na we unataka nini?"

Alifikiri kidogo, kama mtu anayetafuta maneno yasiyoumiza.

"Batu elfu na elfu baliniita. Nikasema, nitakataa namna gani? Nikakuja. Lakini mumoja tu njo hajaniita."

Byamungu alifuta ukurasa pale pale. Haikusaidia kitu. Waliokuwa wameita walikuwa wameshaita.

Vénérande hakungoja mume wala mchungaji. Alfajiri iliyofuata alipanda kabaza, baiskeli ya abiria, hadi barabara kuu, akaingia Lilongwe peke yake. Haya ya huko alinisimulia mwenyewe. Alikuta duka limefungwa, siku tano tu baada ya kufunguliwa. Akazunguka nyuma. Lwaboshi alikuwa amekaa juu ya beseni lililopinduliwa, hajanyoa, na mlango wa nyumba yake ulikuwa wazi wote.

"Sikuja kukuhukumu," Vénérande alimwambia. "Mi naomba mutoto wangu."

Lwaboshi akamweleza. Mwaka 1996, vita vilipofika, yeye na kaka yake walikuwa na mama yao juu ya milima ya Uvira. Watoto wa kijiji walikuwa wamekufa kwa surua, saba kwa wiki mbili, na watu wakasema ni yule mama, kwa kuwa alikuwa na ulimi mkali na hakuna mjukuu wake aliyekufa. Jioni moja walikuja wengi. Wale ndugu wakasema, tumfiche ndani mpaka watulie. Lakini walimjua mama yao. Angetoka kujibizana. Basi Lwaboshi akaufunga mlango kwa nje, kwa kamba.

"Mafundo matatu," alisema. "Nilimuambia nitarudia asubuhi. Kisha bunduki zikalia, tukakimbia na batu bote mpaka ku ziwa. Mi nilisema atatoka. Ulikuwa mulango ya mianzi tu, mama Bénie. Mianzi tu. Kila mutu angetoka."

"Uliulizia habari zake?"

"Miaka makumi mbili na mbili sijataja jina yake. Hata kwa muke yangu. Nilimwambia mama yangu alikufa mi nikiwa mudogo."

"Aliitwa nani?"

Alishindwa. Alitikisa kichwa tu. Lakini Vénérande alipoinuka, na yeye aliinuka.

Walifika Dzaleka saa nane mchana. Mtoto alikuwa pale pale mlangoni. Alimwona Lwaboshi akiwa mbali, akaweka fimbo chini. Nilisimama kando ya ukuta. Byamungu alikuwa nyuma yangu, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tano mikono yake haikuwa na simu.

Lwaboshi alipiga magoti kwenye vumbi. Mtu mzima, mvi kichwani, mbele ya mtoto wa miaka tisa.

Majirani walikuwa wamesimama. Hakuna aliyecheka.

"Mama," akasema.

Mtoto hakusogea.

"Mama Namwezi. Njo mi. Nilirudia. Nimechelewa."

Bénie alinyoosha mkono wake mdogo uliochubuka. Akamshika kichwa. Akazipapasa zile mvi, taratibu, mbele na nyuma, kama mtu anayetafuta kitu alichokiacha.

"Umezeeka," akasema kwa mshangao. "Angalia umezeeka."

Akamwambia na jambo jingine, sikioni, kwa lugha yao. Lwaboshi alilia kwa sauti. Sikuwahi kusikia mwanaume akilia vile na natumaini sitasikia tena. Tulipomtazama mtoto, alikuwa amelala, ameegemea kizingiti, mdomo wazi.

Alilala mpaka kesho yake saa nne. Alipoamka aliulizia nsima, kisha akauliza kama amechelewa shule. Alikumbuka kwenda Lilongwe. Alikumbuka soda. Zaidi ya hapo, hapana. Vénérande alitoka nje akamkuta Byamungu amekaa na kile kigoda cha simu, anakivunja vipande vidogo vya kuwashia moto.

Lwaboshi aliuza duka. Nasikia yuko Mitundu, analima, na anaishi na mke wake. Alichonong'onezwa hajamwambia mtu.

Bénie alirudi kuwa mtoto. Alikuwa wa tatu darasani mwaka ule. Nikisema ukweli, tulianza kusahau. Mwaka uliofuata, mwezi wa kumi, familia yao iliitwa Lilongwe kupimwa afya kwa ajili ya kuhamishiwa nchi ya mbali, safari, ile inayongojwa na kila mtu kambini. Nilikwenda kumsaidia Vénérande. Wakapimwa damu, macho, meno. Wakapigwa picha za kifua.

Ya Bénie walirudia. Wakairudia tena kwa mashine nyingine. Kisha daktari, kijana mmoja Mmalawi, akatuita chumbani mimi na Vénérande na kufunga mlango. Alikuwa ameitundika ile picha penye mwanga. Alituonyesha kwa kalamu, mapafu yote mawili, kuanzia juu hadi chini. Alisema ni makovu. Alisema ni ya zamani, ya miaka mingi, na kwamba haelewi, kwa sababu mtoto mwenyewe ana miaka kumi na anapumua vizuri kabisa.

Mkalimani alituuliza kwa upole, kama wanavyouliza wanapoogopa jibu.

"Daktari anataka kujua. Huyu mtoto aliwahi kufungiwa ndani ya nyumba inayoungua?"

Vénérande alinishika mkono. Lwaboshi alitueleza habari ya mlango tu. Habari ya moto hatukuambiwa na mtu.